Kipimo cha Joto kwenye Pikipiki ya Baba

Jumapili, 13 Oktoba

Leo nimemdanganya baba yangu kwa spana.

Niandike ilivyo kabla sijaanza kuipamba. Kipimo cha joto la oili nilichomwagizia kama zawadi kilifika Alhamisi. Ni kifuniko cha tangi la oili. Juu kina sahani ndogo yenye mshale, chini kina mchi mwembamba unaozama ndani ya oili. Unafungua kifuniko cha zamani, unafunga hiki, basi. Baba alikuwa akikililia tangu mwaka jana. Pikipiki yake ni ya Kiingereza, ya mwaka 1954, na aliyeiunda hakuwahi kuota jua la Dodoma la mwezi wa kumi. Oili ikipata moto kupita kiasi inakuwa nyepesi kama chai, vyuma vinasagana, injini inakufa barabarani. Marehemu Mama aliiita pikipiki hiyo mke mwenza, na jina limebaki mpaka leo.

Ijumaa nilikipeleka kipimo kazini. Mimi ni mtunza maabara wa shule ya sekondari, na siamini chombo ambacho sijakipima mwenyewe. Nikachemsha maji. Huku kwetu juu maji huchemka kabla ya kufika nyuzi mia, na kila mwaka kidato cha kwanza hubisha mpaka waone. Kipimo kilisoma tisini na sita, sawasawa kabisa. Halafu nikakigeuza, nikaona kwa nyuma nati ndogo ya kurekebishia. Nikaizungusha taratibu kwa spana, mpaka maji yale yale yakasoma mia na ishirini na moja.

Sahani yake inaanzia sitini. Asubuhi, injini ikiwa baridi, mshale utalala chini kama inavyopaswa, na Baba hatajua.

Sasa sababu. Mwezi wa nane alianguka njia ya Kondoa, mbavu mbili zikapata ufa, nami ndiye niliyekwenda kumchukua hospitali akiwa na mchanga masikioni. Ana miaka sabini na sita. Mbavu hazijapona sawasawa, tayari wamepanga yeye na Fundi Ebenezer kwamba Desemba wataenda Iringa kwa pikipiki, kupitia Mtera, kama walivyofanya ujanani. Kaka yangu Mohsin anapiga simu kutoka Dar kila jioni: "Wewe ndiye unayeishi naye, Shirin. Mzuie." Kumzuia Gulamrasul! Kaka anasema hivyo kwa sababu yuko mbali.

Baba alikifunga kipimo leo asubuhi kwenye baraza letu hapa Makole, akitabasamu kama bwana harusi. "Oili haina mjadala," akasema. "Ikifika mia na kumi na tano nasimama. Isiposhuka narudi nyumbani. Mimi sibishani na mshale." Kisha akanibusu kwenye paji la uso na kunishukuru.

Jumatatu, 14 Oktoba

Shule. Jua. Mgao wa maji.

Jumamosi, 19 Oktoba

Walitoka asubuhi kwenda Hombolo, Baba juu ya mke mwenza, Ebenezer juu ya ile pikipiki yake ya Kijapani isiyoisha kukohoa. Saa nne walikuwa wamesharudi dukani. Hawakufika hata nusu ya njia.

"Mia na kumi na nane!" Baba alisema kabla hajavua kofia. "Njia tambarare, mwendo wa maharusi, mia na kumi na nane!"

Ebenezer alichuchumaa, akaweka kiganja chake cha kulia kwenye tangi la oili, akafumba macho. Ndivyo anavyopima yeye. Ana banda lake la ufundi nyuma ya duka letu la spea pale Majengo tangu sijazaliwa, na sijawahi kumwona akitumia kitu kingine.

"Gulam," akasema, "huyu mama hajachemka. Ana joto la mtu aliyetembea tu."

"Kwa hiyo kipimo cha mwanangu ni cha uongo?"

"Sijasema hivyo. Nasema mkono wangu hausikii moto huo."

Wakacheka, wakataniana. Ebenezer akamwambia Baba kwamba mkono wa birika kama yeye hata oili anainunua kwa kijiko. Mimi nilikuwa nyuma ya kaunta nikihesabu plagi ambazo hakuna aliyeniomba nizihesabu. Nilifurahi, nisijifanye. Baba alikuwa mzima, nyumbani, kabla ya jua kali.

Tena niseme na hili: Ebenezer namchukia kidogo msimu huu. Yeye ndiye anayemjaza Baba kichwa kwa hiyo safari ya Mtera. Mzee mwenzake mwenye kisukari, vidole vya miguu vimekufa ganzi, badala ya kumshauri mwenziwe atulie, anamwambia "twende kabla hatujafa."

Jumatano, 23 Oktoba

Wamebadilisha oili, wameweka nzito zaidi. Upepo wa vumbi mchana kutwa.

Jumapili, 27 Oktoba

Oili nzito, mia na kumi na saba. Hawakuvuka hata Ihumwa.

Niliwapelekea chai. Nilicheka sana leo, nikasimulia habari za shule zisizo na kichwa wala miguu. Ebenezer alikuwa bado ameshika tangi. Alitoa kiganja, akakitazama, akakipangusa kwenye suruali, akakirudisha. Alifanya hivyo zaidi ya mara moja. Mwezi wa saba ndiye aliyeifungua injini hiyo yote na kuifunga upya, na Baba alizunguka mji mzima akimsifu.

Jumamosi, 2 Novemba

Mohsin kauliza kama dawa ya kipimo imefanya kazi. Nimemwambia ndiyo. Kwa nini nilimweleza hata sijui. Nadhani nilitaka mwenzangu wa kula naye dhambi.

Jumanne, 5 Novemba

Wameifungua injini. Nilipotoka shule nilipitia dukani nikaikuta imetandazwa juu ya magunia kwenye banda, vipande vyote, na Ebenezer katikati yake amepiga magoti. Pampu ya oili nzima. Mirija misafi. Pistoni haina mkwaruzo.

"Basi kuna kitu ulikifunga vibaya mwezi wa saba," Baba akasema.

Alisema polepole, na hiyo ndiyo mbaya. Baba akipiga kelele ujue hana hasira.

"Inawezekana, Gulam."

"Inawezekana au ndivyo?"

"Sikioni. Kingekuwepo ningekiona."

Hapo Baba akageuka, akaniona nimesimama mlangoni na mkoba wangu. Akaniuliza mbele ya Ebenezer: "Shirin, kipimo hiki ni cha kweli?"

Nilijibu: "Nilikipima maabara, Baba."

Ni kweli nilikipima. Kila neno lilikuwa la kweli. Ebenezer alinitazama, akatikisa kichwa taratibu kama mtu aliyepewa jibu alilokuwa akilingoja, na akainamia vyuma vyake tena. Nilitoka nje nikaenda kununua nyanya ambazo tunazo nyumbani.

Ningeweza kusema. Watu watatu tu, mlango umeegeshwa. Baba angenigombeza wiki nzima, Ebenezer angecheka mpaka akohoe, ikaisha. Nilikuwa na nafasi, nikanunua nyanya.

Ijumaa, 8 Novemba

Mawingu tangu mchana. Hayakutoa hata tone. Injini imefungwa tena.

Jumapili, 10 Novemba

Mia na kumi na tisa.

Alhamisi, 14 Novemba

Leo Ebenezer alikuja shuleni.

Nilikuwa naosha vyombo baada ya kipindi, nikasikia hodi. Alikuwa amevaa shati lake la kanisani, amelichomekea. Miaka yote ninayofanya kazi hapa hajawahi kukanyaga.

"Shikamoo, Baba Aneth." Namwita hivyo tangu utotoni, binti yake Aneth tulicheza pamoja.

"Marahaba, mwanangu. Nina shida ndogo, na sitaki Gulam aijue."

Akaketi kwenye kiti cha mwanafunzi, magoti yakamjia kifuani. Akaniambia daktari alimwonya kwamba ganzi ya miguu inaweza kupanda mpaka mikononi. Yeye hakusikia dalili yoyote. Lakini sasa mshale unasema jambo moja na mkono unasema jingine, na mshale hauugui sukari. "Nipime mikono," akasema. "Wewe ndiye mwenye vifaa."

Mezani yalikuwepo mabakuli matatu ya jaribio la kidato cha kwanza: la maji ya barafu, la maji ya moto, na la vuguvugu katikati. Kabla sijasema lolote alikunja mkono wa shati akazamisha kiganja kwenye yale ya moto. "Haya moto," akasema. Akakaa nayo kitambo, kama anavyokaa na tangi. Kisha akahamia bakuli la katikati.

"Haya baridi."

Kipimajoto kilikuwa ndani ya bakuli. Akainama akakisoma mwenyewe. Thelathini na tano.

Sasa, mtu yeyote akitoa mkono kwenye maji ya moto na kuutia kwenye vuguvugu ataapa kwamba ni baridi. Ndiyo maana ya jaribio lenyewe. Watoto hucheka kila mwaka. Mkono wangu ungekosea, mkono wa daktari ungekosea. Sentensi moja tu ilitosha. Nilifungua mdomo, na papo hapo nikaona kitakachofuata: akijua mkono wake ni mzima, atakwenda moja kwa moja kwa Baba kumwambia kipimo kibovu, watakichemsha kwenye sufuria, na mimi nitaulizwa.

Nikafunga mdomo.

Ebenezer alijifuta kwa leso yake, kidole kimoja kimoja. "Basi ndiyo hivyo," akasema. "Ahsante, Shirin. Bora kujua." Akaniachia karanga kwenye kifuko, amekaanga mwenyewe. Nimezileta nyumbani na sithubutu kuzila wala kuzitupa.

Roho inanisuta kiasi kwamba leo nimeshindwa kumwangalia Baba akila.

Jumamosi, 16 Novemba

Nilijua litakuja, ila sikujua litakuja hivyo.

Duka lilikuwa limejaa. Jumamosi watu hutoka vijijini kununua spea. Baba alirudi kutoka mzunguko wa mjini tu, hata si safari, na mshale ulikuwa mia na kumi na sita. Akaegesha mlangoni, akapita katikati ya wateja mpaka kwenye banda.

"Macho yamekwisha, mikono imekwisha, ungesema tu, Ebenezer! Ungesema! Umeniachia niendeshe chuma kibovu, mimi na mbavu zangu, kwa sababu unaona haya kusema umezeeka?"

Wateja wakageuka. Nilimjua Baba: alitaka ajibiwe. Wale wawili wamegombana maisha yao yote, mmoja akirusha, mwingine anarudisha, kisha chai. Alitaka Ebenezer amwite mkono wa birika, amwambie aende zake na mke mwenza wake.

Ebenezer akasema, "Ni kweli, Gulam. Mikono imekwisha. Nilipimwa."

Hakumtaja aliyempima. Hakuniangalia hata kidogo. Alianza kukusanya spana zake, akizifunga kwenye kitambaa kwa mpangilio wake ule ule, ndogo kwa kubwa. Baba alisimama pale mikono ikining'inia. Mteja mmoja akauliza bei ya mnyororo, nami nikamtajia bei ya kitu kingine.

Nimelia bafuni bomba likiwa wazi, nikasahau kwamba ni siku ya mgao na bomba halitoi kitu. Baba atakuwa amenisikia. Hakuuliza.

Jumatano, 20 Novemba

Banda limefungwa kufuli. Baba anakunywa chai peke yake, anaacha kikombe cha pili kimefunikwa.

Ijumaa, 22 Novemba

Nimerudisha nati.

Injini ilipelekwa kwa Yotham, fundi kijana mwenye gereji upande wa pili wa soko. Kaifungua, kaisafisha, kaifunga, kairudisha jana. Leo Baba alipokwenda msikitini nilichukua kipimo, nikakichemshia maji jikoni, nikazungusha mpaka mshale ukakaa palepale panapostahili, tisini na sita. Nikakifunga mahali pake. Moyo ulikuwa mwepesi kuliko ulivyokuwa tangu Oktoba. Kesho atapima, ataona joto limeshuka, hasira itaisha, atamfuata Ebenezer. Hakuna atakayejua. Safari ya Mtera nitaizuia kwa mdomo wangu kama mtu mzima, na nikishindwa nitaswali.

Jumamosi, 23 Novemba

Mimi ni mjinga. Nilisomea sayansi na ni mjinga.

Baba alikwenda mpaka Ihumwa na kurudi. Nilimsikia akipiga honi tangu kona. "Tisini na mbili!" akapaza sauti. "Juani! Tisini na mbili!" Akaingia dukani akawanunulia soda wote waliokuwepo, yeye, Gulamrasul! Nilikuwa nangoja jina la Ebenezer litoke mdomoni mwake, nikasikia: "Yotham ndiye fundi! Yule mwingine kaishika miezi, Yotham siku tatu tu!"

Ndipo nikaelewa nilichokifanya. Joto limeshuka siku ileile injini ilipotoka mikononi mwa mwingine. Nani sasa atasema kosa halikuwa la Ebenezer? Nimetengeneza ushahidi dhidi yake, tena nimeufunga kwa spana yangu mwenyewe. Jioni mtaa mzima wa Majengo ulikuwa ukijua.

Alhamisi, 28 Novemba

Nilimuuliza Baba kama bado anataka kwenda Mtera, maana pikipiki imepona. Alikuwa anakata kucha.

"Niende na nani?" akasema.

Mohsin amepiga simu kunipongeza. "Umeweza, dada." Nilimkatia.

Jumapili, 1 Desemba

Mawingu meusi upande wa mashariki, ngurumo, halafu vumbi.

Nimempitia Yotham kununua gasketi. Ukutani kwake nimeona zile spana, zimetundikwa ndogo kwa kubwa. "Mzee kaniuzia zote," akasema kwa furaha isiyo na kosa lolote. "Kasema hazina kazi tena. Kahamia Hombolo kwa binti yake, analima."

Nilikuwa nimezoea kumwona Ebenezer kama mtu anayemharibu baba yangu. Leo nimesimama mbele ya zile spana nikamkumbuka alivyokuwa akitangulia kufungua banda kila asubuhi ili Baba akute chai imeshachemka. Msimu mzima nimemlinda Baba dhidi ya mtu aliyekuwa akimlinda kuliko mimi.

Jumapili, 8 Desemba

Nimemwambia Baba.

Alikuwa barazani, ameweka kitambaa na mafuta ya kung'arishia karibu yake lakini hang'arishi. Nilikaa chini, kwenye ngazi, maana sikuweza kukaa kwenye kiti sawa naye. Nilianza kwenye nati. Sikuanza na sababu. Nilijiapiza kwamba sababu itakuja akiiuliza. Nikamweleza maji ya Ijumaa ile, jibu langu la mlangoni, mabakuli matatu, na kuirudisha nati alipokuwa msikitini. Nilisema yote kwa sauti ya kusoma ripoti, kwa sababu nyingine ingevunjika.

Hakunikatiza. Nilipomaliza akauliza, "Mtera ina ubaya gani?"

"Niliogopa kukuzika, Baba."

"Na Ebenezer? Huyo hukuogopa kumzika?"

Akasimama, akashika ukuta kidogo, mbavu bado zinamsumbua. "Nilimwambia mikono yake imekwisha," akasema. "Mbele ya watu. Na akakubali. Alikubali, Shirin! Nilisema moyoni, haya, hata yeye anajua." Niliomba anipige, ingawa hajanipiga maisha yangu yote.

Akaingia ndani akafunga mlango bila kuubamiza.

Jumatatu, 9 Desemba

Hasemi nami.

Jumanne, 10 Desemba

Mvua. Kubwa, ya kwanza. Mji mzima umetoka nje na ndoo. Baba alisimama dirishani, hakuniita nije nione kama anavyoniita kila mwaka.

Ijumaa, 13 Desemba

Wakati wa chakula cha mchana amesema sentensi moja: "Jumapili tunakwenda Hombolo, na wewe ndiye utakayesema."

Jumapili, 15 Desemba

Tulikwenda kwa pikipiki. Alinipa kofia ngumu, akasema "Panda," basi. Sijapanda nyuma yake tangu nilipokuwa msichana. Njia ilikuwa na madimbwi na alikuwa akiyakwepa kwa uangalifu mkubwa, polepole, na kila alipoinama kuangalia kipimo nilijificha nyuma ya mgongo wake kama vile kingeweza kuniona. Anaendesha vizuri. Hilo nalo sikulijua.

Ebenezer tulimkuta shambani nyuma ya nyumba ya Aneth, anapanda uwele, suruali imekunjwa mpaka magotini. Alipotuona alitupa jembe.

"Mbukwa!" akatusalimu kwa Kigogo chake. "Gulam! Umeniletea mvua?"

Baba alimwendea katikati ya matuta na viatu vyake vizuri, akamkumbatia, na nikaona mabega yake yakitikisika. Akamwomba msamaha papo hapo, kwa maneno yaliyonyooka. Ebenezer alimpigapiga mgongoni akisema yamekwisha, yamekwisha, nani asiyekasirika. Kisha Baba akageuka kunitazama.

Nikasema. Aneth alikuwa ametoka mlangoni na mwiko mkononi, akasikia yote. Ebenezer alinisikiliza mpaka mwisho, kichwa kimeinama upande, na nilipomaliza akatabasamu.

"Ahsante, mwanangu," akasema.

"Ahsante ya nini, Baba Aneth?"

"Ya kunihurumia. Lakini usijichafue kwa ajili yangu."

Baba akaruka. "Hakuhurumii! Ni kweli! Alikizungusha!"

"Gulam, najua wewe ndiye uliyempangia aseme hivi. Nakushukuru na wewe." Alisema kwa upole, kama mtu anayewatuliza wageni. "Huyu namjua tangu anatambaa pale dukani. Alikuwa akivunja glasi, anakuja mwenyewe kusema kabla hajaulizwa. Mtu wa namna hiyo anione nafunga spana zangu, anyamaze? Haiwezekani."

Nilikwenda kwenye pikipiki, nikafungua kipimo, nikakileta kikichuruzika oili, nikaizungusha nati mbele ya macho yake. Joto la njiani lilikuwa bado halijaisha kwenye mchi, na mshale ulipanda kadiri nilivyozungusha. "Hivi," nikamwambia. "Nilifanya hivi."

"Naona," akasema. "Nati inazunguka. Kila nati inazunguka."

"Na maabara! Yale mabakuli, mtu yeyote angekosea, hata mimi mkono wangu..."

"Siku ile ulinyamaza," akanikatiza. "Uliona nimekosea, ukanyamaza ili usinivunjie heshima. Sitasahau. Basi, Shirin. Mikono hii nimeshaililia, nimemaliza, nalala usingizi. Msinirudishe kule."

Alisema neno hilo la mwisho kwa namna ambayo hata Baba alishusha mikono. Nilisimama pale na kile kipimo na oili ikinitiririka mpaka kwenye kiwiko. Ningeweza kuendelea. Ningeweza kuomba mabakuli, kuchemsha maji, kumburuta hatua kwa hatua mpaka akubali kwamba mtoto aliyemlea alimtazama akivunjika akakaa kimya. Nilimwangalia usoni nikaona ndicho pekee kilichobaki ambacho sijamnyang'anya, yaani jinsi anavyonifikiria mimi. Sikujua kama kumwachia ni wema au ni woga ule ule. Hata sasa ninavyoandika sijui.

Tulikaa mkekani kula. Aneth alipita na birika na beseni kutunawisha, akaanza na Baba, akaja kwa baba yake. Alipofika kwangu aliweka birika chini mbele yangu na kuondoka. Yeye aliniamini. Neno kwa neno.

"We Aneth!" Ebenezer akaita. "Ndivyo tunavyowafanyia wageni? Mnawishe mwenzako."

Aneth akarudi, akainua birika, akanimiminia maji akiangalia pembeni. Baba alikuwa akitazama chakula. Ebenezer akanisogezea bakuli la mlenda, akanimegea ugali tonge kubwa kuliko la mtu yeyote, akaniambia nile nishibe, maana nimekonda mno kwa kuwahangaikia wazee.

Nilikula.